Mashindano au Maonyesho: Aliyetundika Daluga Arudi, au Abaki Anakolipwa?

Kila dirisha la usajili linapokaribia, swali moja huzunguka Kigoma kuanzia Ujiji hadi Bangwe. Kijana aliyeachana na ligi ya soka, ambaye sasa anacheza ndondo, yaani mechi za mtaani za kulipwa papo hapo, na kufundisha watoto jioni, ametafutwa na timu. Arudi au abaki alipo? Wachezaji waliopita mikononi mwangu huniletea swali hilo, na siku hizi jibu langu huanzia mbali. Huanzia kwa watelezaji wa barafuni, wale wa Olimpiki ya majira ya baridi, wanaoruka, wakazunguka hewani mara tatu au nne, kisha wakatua kwa mguu mmoja juu ya kisu chembamba cha chuma.

Naenda huko kwa sababu katika mchezo ule njia mbili za kipato zimetengana waziwazi. Upande mmoja kuna mashindano, yenye majaji, alama na medali. Upande wa pili kuna maonyesho, yaani taa, muziki na tiketi, na hakuna jaji hata mmoja. Mchezaji ni yuleyule na buti ni zilezile, ila mifuko inayomlipa ni miwili. Tena zawadi za mashindano yao hutangazwa hadharani, kwa hiyo mtu anaweza kukaa na kalamu akapiga hesabu. Ligi na ndondo kwetu zimekaa hivyohivyo, tofauti ni kwamba fedha zake huzungumzwa chini ya mwembe.

Msimamo wangu nauweka mapema. Mashindano hutengeneza jina, na maonyesho hulilipa jina hilo. Anayerudi mashindanoni kwa kufuata donge la zawadi peke yake mara nyingi hesabu zake hazifungi. Anayerudi kwa sababu jina lake bado halijakomaa, au kwa sababu mchezo wenyewe unamwita na yupo wa kubeba gharama, huyo ana hoja ya kusikilizwa.

Mfuko wa mashindano

Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISU, huendesha mfululizo wa mashindano uitwao Grand Prix. Bingwa wa shindano moja hupata dola 18,000, wa pili 13,000, wa tatu 9,000, wa nne 3,000 na wa tano 2,000. Kuanzia wa sita hakuna kitu. Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, bingwa amepata milioni 45. Si haba, lakini tuendelee kuhesabu. Mchezaji hupangiwa mashindano yasiyozidi mawili kati ya sita ya mfululizo huo, na sita bora ndio huenda fainali, ambako bingwa hulipwa dola 25,000. Akishinda yote matatu anakuwa na dola 61,000. Aongeze ubingwa wa dunia, ambao kwa mchezaji mmojammoja umekuwa ukilipa dola 64,000 kwa namba moja. Jumla ni dola 125,000, kama shilingi milioni 312 na nusu.

Huo ndio msimu usio na doa hata moja. Duniani kote msimu wa namna hiyo unaweza kumwendea mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, na miaka mingi haumwendei yeyote. Anayemaliza wa nne kwenye Grand Prix zake zote mbili, ambaye ni mchezaji wa kiwango cha juu sana, ameondoka na dola 6,000 kwa msimu mzima. Wanaocheza wawili-wawili wana hali ngumu zaidi, maana kwenye Grand Prix kiasi hichohicho hugawanywa kwa watu wawili.

Olimpiki ndiyo huwashangaza wengi ninaowaeleza. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki hailipi zawadi ya fedha kwa medali, mlipaji ni nchi ya mchezaji. Marekani, kwa mfano, imekuwa ikitoa dola 37,500 kwa dhahabu, 22,500 kwa fedha na 15,000 kwa shaba. Kuanzia michezo ya Milano Cortina ya 2026, Wamarekani wanaoshiriki wamewekewa pia dola 200,000 kila mmoja kutokana na mchango wa tajiri aitwaye Ross Stevens. Nusu yake husubiri miaka 20 au mchezaji afike umri wa miaka 45, lolote litakalochelewa zaidi, na nusu nyingine ni ya warithi wake. Ni akiba nzuri ya uzeeni, lakini kodi ya nyumba ya mwezi huu haiigusi.

Kwa mizani ya kwetu, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia pale Tokyo Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua ya mwisho kabisa na wote wakiandikiwa saa 2:09:48, dhahabu ya mbio zile ilikuwa na dola 70,000. Bingwa wa dunia wa riadha na bingwa wa dunia wa barafuni wako karibu sana kwa zawadi. Tofauti iko kwenye gharama za kufika pale, na kwenye mshahara unaomlisha mtu akijiandaa.

Gharama za barafuni ni nzito. Jozi moja ya buti na visu vyake kwa mchezaji wa juu huzidi dola 1,000, na buti huchoka kwa kishindo cha kutua kila siku, hivyo hubadilishwa mara kwa mara. Barafu yenyewe hukodiwa kwa saa. Kocha hulipwa kwa somo. Mtunga mitindo, anayepanga kila hatua iendane na muziki, hudai maelfu ya dola kwa programu moja, na kila msimu zinahitajika programu mbili. Ongeza mavazi, mtaalamu wa viungo na nauli. Ndiyo maana wazazi wengi wa watelezaji huingia madeni, na wachezaji wenyewe hufundisha watoto asubuhi ili walipie mazoezi yao ya mchana.

Nchi nyingine zimepata dawa ya hilo. Italia huwaajiri wanamichezo kwenye vikosi vya ulinzi na usalama vya serikali. Carolina Kostner, bingwa wa dunia wa 2012, alikuwa wa Fiamme Azzurre, kikosi cha michezo cha askari magereza. Mchezaji wa kikosi kama hicho hulala akijua mshahara utaingia, awe wa kwanza au wa tisa. Hapa Kigoma tunaelewa jambo hilo bila kuelezwa sana. Mashujaa, waliopanda Ligi Kuu mwaka 2023 na kuufanya uwanja wa Lake Tanganyika ujae tena, ni timu ya Jeshi. Simbu naye ni mwanajeshi. Mchezaji mwenye mwajiri wa aina hiyo anapofikiria kurudi mashindanoni, hesabu yake haifanani kabisa na ya kijana anayejitegemea, na kila mtu anayekushauri lazima kwanza akuulize uko upande gani.

Mfuko wa maonyesho

Huku ndiko fedha kubwa ziliko, na pia ndiko waliko wengi wanaolipwa kawaida tu.

Juu kabisa kuna mtu kama Yuzuru Hanyu wa Japani. Alishinda dhahabu ya Olimpiki 2014 na 2018. Beijing 2022 alimaliza wa nne baada ya kujaribu mruko wa mizunguko minne na nusu ambao hakuna aliyekuwa ameufanikisha kwenye mashindano. Julai 2022 akatangaza kwamba hatashindana tena. Februari 2023 akasimama peke yake kwenye uwanja wa Tokyo Dome, unaojulikana zaidi kwa besiboli, mbele ya watu 35,000. Hakuna mtelezaji aliyewahi kufanya onyesho la peke yake pale. Hakukuwa na mpinzani wala alama, watu walinunua tiketi kumwona yeye.

Yuna Kim wa Korea Kusini ni mfano mwingine. Mwaka 2014 jarida la Forbes lilimweka wa nne kati ya wanamichezo wanawake wanaoingiza fedha nyingi zaidi duniani, kwa dola milioni 16.3. Ukitafuta zawadi za mashindano ndani ya namba hiyo utaona ni tone tu. Fedha zile zilitoka kwa kampuni za nchini kwake zilizotaka sura yake kwenye matangazo. Zawadi yake ya nafasi ya pili kwenye ubingwa wa dunia wa 2011, dola 27,000, aliitoa yote UNICEF kwa watoto wa Japani walioathiriwa na tsunami.

Mcheza kwao hutunzwa, na hapo msemo huo ni hesabu kamili ya biashara. Hanyu anajaza uwanja kwa sababu Wajapani wanaupenda mchezo ule na wako tayari kulipia. Mao Asada, bingwa wa dunia mara tatu, alistaafu 2017 akazunguka Japani nzima na maonyesho ya kuwashukuru mashabiki, na baadaye ukajengwa uwanja wa barafu wenye jina lake. Marekani hali ni tofauti. Miaka ya 1990 kule palikuwa na maonyesho na mashindano ya kulipwa karibu kila wiki kwenye televisheni. Watazamaji wakapungua, na ziara moja kubwa, Champions on Ice, ikakoma 2007. Stars on Ice, iliyoanzishwa 1986, bado ipo. Lakini Mmarekani mwenye medali leo hana soko la nyumbani kama alilokuwa nalo mwenzake wa miaka ile, hata kama anaruka juu zaidi.

Chini ya nyota hao kuna kundi kubwa ambalo halitajwi. Ni watelezaji wa Disney on Ice wanaovaa mavazi ya vikaragosi na kuhama mji kila wiki, na wale wa meli za kitalii za Royal Caribbean, ambazo tangu 1999 zimekuwa na uwanja mdogo wa barafu ndani. Hawa hulipwa mshahara wa mkataba, na wa melini wana malazi na chakula humohumo. Hawatajiriki, ila hawadaiwi na kocha wala hawalipii saa za barafu. Wengi wao waliwahi kuwa wa kumi na wa kumi na tano kwenye nchi zao, na kwa maoni yangu wengi walichagua vizuri.

Kipato cha maonyesho kina adui wake, nao ni muda. Jina hupungua nguvu. Kila baada ya miaka minne Olimpiki huleta mabingwa wapya, na waandaaji wa ziara huwapigia simu wao kwanza. Goti likiuma hakuna onyesho, na pasipo onyesho hakuna malipo. Kwenye ndondo ni vilevile. Mfunga bao hutunzwa palepale uwanjani, noti zinabandikwa jashoni, nahodha anagawa dau la mfadhili kabla watu hawajatawanyika. Ni fedha taslimu na tamu, lakini akiteguka kifundo, Jumapili inayofuata mfadhili yuleyule anamwita mwingine.

Je, utaruhusiwa kuchanganya?

Zamani jibu lilikuwa hapana. Mtelezaji akishaingia kwenye maonyesho ya kulipwa, mlango wa Olimpiki ulifungwa nyuma yake. Kisha ISU ikalegeza, na kwa michezo ya Lillehammer ya 1994 waliokwisha kulipwa waliruhusiwa kuomba kurudi. Leo wanaoshindana hufanya pia maonyesho, mradi yawe yameidhinishwa.

Idhini hiyo imeleta mvutano mkubwa. Wanamichezo wawili wa mbio za kasi za barafuni kutoka Uholanzi, Mark Tuitert na Niels Kerstholt, walilalamika mwaka 2014 kwamba shirikisho linatishia kuwafungia wakishiriki shindano la kampuni binafsi. Shauri lilikwenda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Desemba 2023 iliamua kwamba kanuni zile za idhini zinakiuka sheria za ushindani wa biashara. Nawapenda watu wale wawili kwa uvumilivu wao, maana umri wa kushindana uliwaishia kesi ikiwa bado inasikilizwa.

Kijana wa Kigoma asome hapo kuhusu mkataba wake. Klabu nyingi huweka sharti la kutocheza ndondo bila ruhusa. Ukirudi ligi, mfuko mmoja unafungwa siku unayosaini, na mshahara wa klabu lazima uzibe pengo hilo.

Kuna pia kungoja. Mwanamichezo wa kiwango cha kimataifa aliyestaafu akitaka kurudi, kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa zinamtaka atoe taarifa na awe tayari kupimwa miezi sita kabla ya kushindana. Miezi sita bila zawadi, huku kocha anadai.

Waliorudi

Lillehammer 1994 ni somo zuri kwa sababu waliorudi walikuwa wengi kwa mpigo, na wote walikuwa na medali za dhahabu nyumbani. Brian Boitano, bingwa wa 1988, alimaliza wa sita. Katarina Witt, bingwa wa 1984 na 1988, alimaliza wa saba. Viktor Petrenko, bingwa wa 1992, alikuwa wa nne. Jayne Torvill na Christopher Dean, Waingereza waliopewa na majaji wote alama za juu kabisa za sanaa Sarajevo 1984, walirudi wakapata shaba. Ekaterina Gordeeva na Sergei Grinkov wa Urusi ndio walioshinda, dhahabu ya pili baada ya ile ya 1988.

Ukihesabu medali utasema wengi walipoteza muda. Sikubaliani na hesabu hiyo. Witt alijua hatashinda. Miruko ya wasichana ilikuwa imeshampita. Alikwenda kuteleza kwa heshima ya mji wa Sarajevo, alikopata dhahabu yake ya kwanza, ambao wakati huo ulikuwa vitani, na watu wakamkumbuka kwa hilo. Torvill na Dean walitoka pale wakaingia kwenye ziara ndefu ya dunia. Shaba ile ilifanya kazi ambayo medali ya zamani isingeifanya, maana iliwarudisha kwenye midomo ya watu ambao walikuwa watoto mwaka 1984.

Tessa Virtue na Scott Moir wa Kanada walirudi kwa mpango. Dhahabu 2010, fedha 2014, halafu wakakaa pembeni misimu miwili wakifanya maonyesho. Hawakuwa wamekaa tu. Walifanya kama wavuvi wa dagaa hapa ziwani wakati wa mbalamwezi, ambao hawaingii majini lakini nyavu zinashonwa. Walipotangaza kurudi 2016 walihamia Montreal kwa makocha wapya, wakakubali kufanya mazoezi kwenye uwanja mmoja na wapinzani wao wakubwa, Papadakis na Cizeron wa Ufaransa. Wakashinda ubingwa wa dunia 2017 na dhahabu mbili Pyeongchang 2018. Kipya walichotaka kukijenga walikijua kabla ya kurudi.

Evgeni Plushenko wa Urusi alikuwa na dhahabu ya 2006. Akarudi, akapata fedha 2010, akarudi tena 2014 akiwa na mgongo uliofanyiwa upasuaji, akaisaidia timu yake kupata dhahabu pale Sochi, kisha akajitoa shindano la mtu mmojammoja dakika chache kabla ya kuanza. Nilimheshimu, na bado namheshimu, lakini kila ninapomwona kijana anayefunga goti kwa bandeji ili acheze nusu saa, namkumbuka yeye.

Kuna wawili ninaowapenda kuliko wote. Alysa Liu alikuwa bingwa wa Marekani 2019 akiwa na miaka 13. Aprili 2022, akiwa na miaka 16 na shaba ya dunia shingoni, akaacha. Alichoka. Akasafiri, akapanda hadi kambi ya chini ya mlima Everest, akaingia chuo kikuu. Machi 2024 akatangaza kurudi, kwa masharti yake: muziki achague yeye, mavazi achague yeye, kiasi cha mazoezi akubaliane nacho. Machi 2025 akawa bingwa wa dunia mjini Boston, Mmarekani wa kwanza mwanamke tangu 2006. Yeye hakurudi kutafuta chochote alichokuwa amekikosa. Alirudi kwa sababu alikuwa amepata kitu ambacho hakuwa nacho mwanzo, yaani sauti juu ya maisha yake mwenyewe.

Wa pili ni Deanna Stellato-Dudek. Alipata medali ya fedha ya dunia ya vijana mwaka 2000, nyonga ikamwangusha, akaacha, akafanya kazi nyingine miaka 16. Akarudi 2016, safari hii kwa kucheza wawili-wawili, na mwaka 2024 Montreal, akiwa na miaka 40, yeye na Maxime Deschamps wakawa mabingwa wa dunia kwa Kanada. Hakuna mwanamke aliyewahi kuutwaa ubingwa huo akiwa na umri mkubwa zaidi. Lakini angalieni alivyorudi. Alibadilisha aina ya mchezo. Nafasi yake ya zamani ilikuwa imekufa, akatafuta nafasi nyingine ndani ya mchezo uleule.

Na Yuna Kim, ambaye hakuhitaji fedha kabisa, alipumzika msimu wa 2011–12, akarudi, na Machi 2013 akashinda ubingwa wa dunia kwa tofauti ya pointi zaidi ya 20. Ushindi ule uliipa Korea Kusini nafasi tatu za wanawake kwenye Olimpiki ya Sochi, na wasichana wawili wadogo wakaingia pamoja naye. Alikuwa amesema wazi kwamba hilo ni sehemu ya sababu. Hesabu ya fedha haiwezi kulionyesha hilo.

Waliokataa

Nathan Chen wa Marekani alichukua dhahabu 2022, akarudi chuoni Yale, akahitimu 2024, akaelekeza macho kwenye udaktari. Dunia ilimsubiri. Hakuona cha kuongeza. Hanyu vilevile. Watu kama hao hawahitaji ushauri wa mtu.

Tuyalete Kigoma

Kuna winga mmoja ninayemfahamu tangu akicheza pekupeku kule Gungu. Alikuwa Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, misimu michache, mishahara ikachelewa mpaka mwenye nyumba akamfungia mlango, akarudi nyumbani. Sasa anacheza ndondo, anafundisha watoto, ana bodaboda. Timu nyingine imemtafuta. Alikuja jioni, akakaa kwenye benchi la mbao.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Wamekuwekea nini?"

"Mshahara, na fedha ya usajili kidogo. Lakini kocha, ndondo hapa mwezi mzuri napata zaidi."

"Mwezi mbaya je?"

Akanyamaza. Hilo ndilo swali la kwanza, na ndilo linalowatenganisha Hanyu na mtelezaji wa melini. Usipime mwezi mzuri wa ndondo dhidi ya mshahara. Chukua mwaka mzima, pamoja na masika viwanja vinapojaa maji, pamoja na Ramadhani, pamoja na wiki ulizoumia. Vijana wengi wakifanya hesabu hiyo kwa ukweli hukuta ndondo na bodaboda vinakaribiana na mshahara wa daraja la chini, na wengine hukuta vinauzidi. Hapo fedha peke yake haiamui.

Kinachofuata ni jina. Winga mwenye miaka 22 ambaye hajawahi kuonekana kwenye Ligi Kuu hana jina la kuvuna. Ndondo inamlipa kwa miguu yake ya leo, na miguu hiyo ina tarehe. Huyo namwambia arudi, hata kwa mshahara mdogo, kwa sababu ligi ndiyo itakayompa kitu cha kuuza akiwa na miaka 32: leseni ya ukocha itakayoheshimiwa, nafasi ya kituo cha watoto, mwaliko wa mechi za maveterani. Mwenye miaka 31 aliyewahi kuvaa jezi ya timu kubwa ameshajenga. Akirudi kusugua benchi daraja la chini, mashabiki watamkumbuka kwa benchi. Huyo abaki, afundishe, ajiandikishe kozi za ukocha, avune alichopanda. Katikati, miaka 26 hadi 29, ndiko penye ugumu wa kweli, na winga wangu yuko hapo.

Kwake nilitazama kilichomtoa. Hakutoka kwa kushindwa mpira, alitolewa na mishahara. Kwa hiyo sababu ya kuacha bado ipo ikiwa timu mpya inaendeshwa vilevile, na haipo ikiwa inalipa. Liu alirudi kilichomchosha kilipoondoka. Aliyeacha kwa goti aulize goti, na aliyeacha kwa mshahara awaulize wachezaji waliomo kwenye ile timu sasa, mmojammoja, pembeni, mshahara wa mwezi uliopita uliingia lini. Majibu ya viongozi hayatoshi kwa hilo.

Nilimwuliza pia kama atarudi kwenye nafasi ileile. Kasi yake imepungua, hilo analiona yeye na naliona mimi. Lakini anasoma mchezo kuliko alivyokuwa na miaka 21, na mguu wake wa kushoto bado unatoa krosi iliyokatwa vizuri. Kama beki wa pembeni ana misimu minne mbele yake. Kama winga, mmoja. Alikunja uso kidogo, kisha akaniuliza mabeki wa kushoto wa timu ile ni akina nani.

Na kama ingekuwa timu yenye mwajiri nyuma yake, ya Jeshi au taasisi, ambako ajira inabaki hata mpira ukiisha, ningemwambia aende hata kwa kuanza na timu ya akiba. Nafasi za namna hiyo ni chache mno na foleni yake ni ndefu, lakini zikipatikana hubadilisha hesabu yote.

Tuliandika masharti kwenye daftari la mahudhurio ya watoto, maana ndilo lililokuwa karibu. Mshahara ulipwe kupitia benki, na ukichelewa miezi miwili awe huru kuondoka. Klabu ibebe matibabu ya jeraha la uwanjani mpaka apone, hata mkataba ukiisha katikati. Jumatatu, siku ya mapumziko ya timu, aruhusiwe kuendelea kufundisha watoto wake. Mkataba uwe wa msimu mmoja, wenye nafasi ya kuongezwa. Bodaboda asiiuze, ampe mdogo wake kwa hesabu ya siku. Fedha ya usajili alipe kwanza deni la kodi, inayobaki aiweke kwa ajili ya kozi ya ukocha.

Sharti la benki wamelikubali, la Jumatatu pia. La matibabu wanataka liishie siku mkataba unapoisha. Nimemwambia hilo asilisaini mpaka libadilike, na dirisha likifungwa kabla hawajabadilisha, Jumapili kuna mechi Ujiji.